Wachambuzi wa Majivu ya Kale

Mwaka 1961 jarida la Nature lilichapisha makala fupi kuhusu umri wa Tabaka la Kwanza la Bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanganyika. Miaka miwili nyuma, Julai 1959, Mary Leakey alikuwa ameona pale mteremkoni meno na mfupa wa fuvu ambalo baadaye lilijulikana dunia nzima kwa jina la Zinjanthropus. Mumewe, Louis, alikadiria kwamba fuvu hilo lilikuwa na miaka ipatayo laki sita. Makala hiyo, aliyoiandika pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitaja miaka milioni 1.75. Ilikuwa karibu mara tatu ya makadirio ya kwanza, na kuanzia hapo historia ya binadamu ikalazimika kupewa nafasi kubwa zaidi.

Fuvu limesifiwa sana, na linastahili. Walioipata nambari ile hawatajwi sana, ilhali kazi yao ni moja ya kazi za mikono ninazozistahi kuliko zote. Wanachukua majivu ya volkano, wanatafuta humo punje zinazofaa, na kutoka kwenye punje hizo wanatoa gesi kidogo mno kisha wanaihesabu. Mwisho wake ni tarakimu chache, lakini nyuma ya kila tarakimu kuna siku nzima za kusafisha, kukagua na kukataa.

Tuanze na mfupa wenyewe. Watu wengi hudhani mifupa ya kale hupimwa kwa kaboni-14. Kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na ikipita miaka elfu hamsini hivi, kilichobaki ni kidogo kiasi kwamba hakipimiki kwa uhakika. Kwa Oldupai haisaidii kitu. Wanajiolojia hupima majivu yaliyolala chini ya mfupa na yale yaliyoufunika, kwa sababu mfupa uliolala kati ya matabaka mawili lazima umri wake uwe kati ya umri wa yote mawili. Bahati ya Oldupai ni kwamba iko jirani na nyanda za juu za Ngorongoro, ambako volkano kama Olmoti zilitapika majivu tena na tena. Ndani ya majivu hayo mna fuwele za feldispa, na ndani ya feldispa mna potasiamu.

Potasiamu ni ileile tunayoila katika ndizi, maharage na mihogo. Ile ya asili ina isotopi tatu. Ya 39 na ya 41 zimetulia, hazibadiliki. Ya tatu, potasiamu-40, iligunduliwa na Alfred Nier mwaka 1935, na ni adimu: katika kila atomu milioni moja za potasiamu, ni 117 tu ndizo za aina hiyo. Hiyo ndiyo isotopi nururifu. Katika gramu moja ya potasiamu ya kawaida, atomu zipatazo 31 hugeuka kila sekunde. Mwilini mwa mtu mzima hugeuka maelfu kila sekunde, maisha yake yote, wala hasikii lolote.

Kwa nini potasiamu-40 haitulii? Kiini chake kina protoni 19 na nyutroni 21. Chembe hizi hupata utulivu zaidi zikikaa mbili mbili, protoni na protoni, nyutroni na nyutroni. Kiini chenye idadi shufwa ya zote mbili huwa imara zaidi, na kile chenye idadi witiri kwa pande zote mbili huwa na protoni moja isiyo na mwenzake na nyutroni moja isiyo na mwenzake. Viini vya namna hiyo vilivyotulia kabisa ni vichache mno. Karibu vyote ni vyepesi sana, kama naitrojeni-14 yenye protoni 7 na nyutroni 7. Potasiamu-40 iko katika hali hiyo ya upweke maradufu, na ina njia mbili za kutokea. Nyutroni moja inaweza kugeuka protoni na kutupa elektroni nje. Kiini kinakuwa kalsiamu-40, protoni 20 na nyutroni 20. Au protoni moja inameza elektroni ya atomu hiyohiyo na kuwa nyutroni. Kiini kinakuwa arigoni-40, protoni 18 na nyutroni 22. Njia zote mbili huishia kwenye jozi kamili. Takriban asilimia 89 hufuata ya kwanza, na asilimia 11 hufuata ya pili.

Ajabu ni kwamba, pamoja na mlango kuwa wazi pande zote mbili, potasiamu-40 hutoka taratibu mno. Nusumaisha yake ni miaka bilioni 1.25. Sababu iko katika spini, yaani ule mzunguko wa ndani ambao kila kiini huwa nao. Spini ya potasiamu-40 ni 4, na ya kalsiamu-40 ni 0. Tofauti hiyo ni kubwa, na kanuni za maumbile huufanya mruko wa namna hiyo uwe nadra sana. Kama spini zingekaribiana, potasiamu-40 yote ingekwisha zamani, kabla hata bahari hazijapoa. Kwa kuwa hazikaribiani, asilimia 8 hivi ya ile iliyokuwapo dunia ilipoumbika, miaka bilioni 4.5 iliyopita, ipo hadi leo. Saa ya Oldupai imepatikana kwa sababu kiini hicho hakikutulia, na vilevile kwa sababu hakina haraka.

Kuna sifa nyingine ya saa hii ambayo sijawahi kuizoea. Atomu nururifu haizeeki. Atomu ya potasiamu-40 iliyokaa miaka bilioni nne ina nafasi ileile ya kugeuka kesho kama ile iliyoumbwa jana ndani ya nyota. Hakuna ajuaye ipi itageuka sasa hivi, na hakuna dalili inayotangulia. Lakini zikikusanyika bilioni na bilioni, jumla yao huenda kwa mwendo usioyumba. Joto la volkano haliuharakishi mwendo huo, baridi haiupunguzi, uzito wa miamba juu yake hauubadilishi. Fundi wa majivu anaanza kazi akiwa na jambo moja ambalo hana haja ya kulitilia shaka. Mengine yote ni lazima ayatilie shaka.

Saa huanza kuhesabu volkano inapolipuka. Mwamba ukiwa umeyeyuka, arigoni iliyomo hutoroka, kwa sababu ni gesi isiyoungana na kitu chochote. Feldispa ikishaganda na kupoa, atomu za arigoni zinazozaliwa kutoka kwenye potasiamu hunaswa kati ya atomu za fuwele na kubaki pale. Kalsiamu-40 ni nyingi zaidi, lakini haifai kwa kazi hii: ndiyo aina ya kawaida kabisa ya kalsiamu, imejaa kila mahali, na iliyozaliwa haiwezi kutofautishwa na ile iliyokuwapo. Hivyo fundi huhesabu arigoni na kuhesabu potasiamu, kisha anauliza: kwa mwendo huu unaojulikana, imechukua muda gani arigoni hii kukusanyika?

Swali ni jepesi. Ugumu uko katika udogo wa kinachopimwa. Tangu majivu ya Zinjanthropus yatue, katika kila atomu 1,000 za potasiamu-40, moja tu hivi ndiyo imegeuka, na katika kila 10,000, moja tu hivi ndiyo imekuwa arigoni. Punje ya feldispa ya miligramu moja yenye potasiamu asilimia 4 ingekuwa imekusanya atomu za arigoni zipatazo bilioni 7 hadi 8. Nambari hiyo inaonekana kubwa mpaka tuilinganishe na hewa. Karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta ni arigoni. Kiputo cha hewa chenye ujazo wa milimita moja ya ujazo kina arigoni mara 30,000 hivi ya ile iliyomo katika punje nzima. Kikipenya mahali popote katika mitambo, punje imezama. Na arigoni hiyo ya hewa nayo, karibu yote, ilizaliwa kutoka potasiamu-40 ya miamba ya dunia, ikavuja kidogo kidogo kwa mabilioni ya miaka. Zao la saa hii limejaa angani, na ndilo linalomsumbua anayetaka kuisoma.

Kwa hiyo kazi huanzia kwa mikono, mbali na mashine. Majivu huchukuliwa pale ambapo tabaka halijavurugwa na maji wala mizizi. Yakifika maabara husagwa taratibu, huoshwa, huchekechwa, hupitishwa kwenye sumaku kuondoa madini yenye chuma, kisha huwekwa katika vimiminika vizito ili punje zitengane kwa uzito wake. Punje zinazobaki huoshwa kwa asidi hafifu ya hidrofloriki, ambayo hula ngozi ya nje iliyochakaa na kuacha fuwele safi. Halafu mtu hukaa mbele ya hadubini na kuanza kuchambua.

Hapa ndipo mahali ninapopapenda zaidi. Ni kazi ya mwanamke mwenye ungo wa mchele mapajani: jicho linapita, kidole kinaondoa pumba, chuya na vijiwe, na uzoefu unafanya kabla akili haijasema. Mchambuzi wa majivu ana sindano au kibano chembamba badala ya kidole. Fuwele angavu yenye kingo kali inabaki. Yenye ukungu ndani inaondoka, kwa sababu ukungu ni dalili ya kuchakaa, na fuwele iliyochakaa huenda imepoteza arigoni. Yenye kipovu cha kioo inaondoka. Yenye kingo zilizosagika inatazamwa mara mbili, kwani huenda imesafirishwa na mto kutoka mwamba mwingine. Saa zinapita, na kinachopatikana kinatosha kufunika ukucha. Kwa muda mrefu hakukuwa na mashine iliyoweza kurekebisha baadaye kosa lililoachwa hapo.

Baada ya uchambuzi huja mabomba. Katika mtindo wa kwanza wa potasiamu na arigoni, sampuli iligawanywa: sehemu moja ya kupima potasiamu, nyingine ya kutoa gesi. Punje huwekwa katika mfumo uliofungwa na kuondolewa hewa mpaka linabaki ombwe. Mfumo mzima hupashwa moto kwa muda mrefu, mara nyingi usiku kucha, ili hewa iliyong'ang'ania kwenye kuta iachie. Ndipo punje huyeyushwa. Gesi inayotoka huongezewa kiasi kinachojulikana cha arigoni-38, isotopi ambayo katika hewa ni chache sana, ili ile ya asili ipimwe kwa kulinganishwa nayo. Titani iliyopashwa moto huchukua naitrojeni, oksijeni na gesi nyingine zinazoungana. Arigoni haiungani, kwa hiyo hubaki peke yake. Kisha huingizwa katika spektrometa ya masi, ambayo hutenganisha atomu kwa uzito. John Reynolds wa Berkeley aliunda katika miaka ya 1950 spektrometa ya kioo iliyoweza kufungiwa gesi kidogo na kuipima yote ndani kwa ndani, na kwa kifaa cha aina hiyo Evernden na Curtis waliweza kupima miamba michanga ambayo kabla yao haikupimika.

Mpimaji haridhiki kuona arigoni-40 peke yake. Anatafuta pia arigoni-36, ambayo potasiamu haiizai. Katika hewa, kila atomu moja ya 36 huandamana na atomu karibu 299 za 40. Akikuta ya 36, anajua kuna hewa iliyoingia, na anajua ni kiasi gani cha kutoa katika hesabu. Kabla ya punje na baada yake, anaendesha mfumo ukiwa mtupu, hatua zilezile, ili ajue mitambo yenyewe inachangia gesi kiasi gani. Nusu ya siku zake inapita katika kupima utupu. Ni heshima ya aina yake kwa ukweli, kutumia saa nyingi hivyo kuhakikisha kwamba mahali pasipo na kitu kweli hapana kitu.

Nini hutokea uchambuzi usipokamilika, tulijifunza Kenya, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe ndani ya tabaka la majivu huko Koobi Fora, na tabaka hilo likaitwa KBS. Frank Fitch na Jack Miller wa Uingereza walilipima. Sampuli ya kwanza ilitoa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana: punje za miamba ya kale zilikuwa zimesombwa na maji na kuchanganyika na majivu. Inatosha punje moja ya miaka milioni 600 kuingia kati ya 99 za miaka milioni 2, zote zikiwa na potasiamu sawa, na jibu linaruka hadi karibu milioni 9. Waliletewa sampuli safi zaidi, na mwaka 1970 wakatangaza miaka milioni 2.61.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Bernard Ngeneo, mtafiti wa visukuku katika kikosi cha Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo. Likaorodheshwa kama KNM-ER 1470. Likiwa chini ya majivu ya miaka milioni 2.61, lilitangazwa kuwa la karibu miaka milioni 2.9, na sura yake ilikuwa ya kisasa mno kwa umri huo. Waliopinga walileta nguruwe. Basil Cooke alionyesha kwamba meno ya nguruwe wa kale waliopatikana chini ya KBS yalifanana na ya nguruwe wa Omo, Ethiopia, ambako matabaka ya miaka milioni 2 hivi yalikuwa yamekwisha kupimwa. Mwaka 1975 Curtis na wenzake walipima na kupata nambari mbili, 1.60 na 1.82. Mabishano yakawa makali.

Iliyoyatatua ni mikono iliyorudi kuchambua upya. Ian McDougall wa Canberra alichagua fuwele kutoka ndani ya mawe mepesi ya povu la volkano yaliyolala katika majivu yale. Jiwe la namna hiyo hutoka volkano likiwa limezibeba fuwele zake, kwa hiyo mto hauna nafasi ya kupenyeza za kigeni. Mwaka 1980 alipata miaka milioni 1.89, na mwaka uliofuata, kwa mbinu nyingine ya arigoni, 1.88, kukiwa na tofauti ya 0.02 juu au chini. Andrew Gleadow alihesabu katika fuwele za zirkoni makovu yanayoachwa na uranium-238 inapopasuka yenyewe, akapata 1.87. Thure Cerling, Frank Brown na wenzao walilinganisha kemia ya majivu na kuonyesha kwamba tabaka la KBS ndilo lilelile lililoko Omo. Viini vya potasiamu, makovu ya uranium, kemia ya kioo na meno ya nguruwe vilisema jambo moja. Potasiamu haikuwa imebadili mwendo wakati wowote wa mabishano hayo.

Tangu hapo ufundi umesonga mbele, na kila hatua imelenga palepale kwenye usafi. Katika mbinu ambayo Craig Merrihue na Grenville Turner waliieleza mwaka 1966, punje huwekwa kwanza ndani ya kinu cha nyuklia, nyutroni zikageuza sehemu ya potasiamu-39 kuwa arigoni-39. Potasiamu inapimwa kama gesi, katika punje ileile na kwa wakati uleule na arigoni-40, na sampuli haigawanywi tena. Kando yake huwekwa fuwele ambazo umri wake umekwisha kujulikana, kama zile za Fish Canyon, Colorado, zenye miaka karibu milioni 28, ili zishuhudie nyutroni ngapi zilipita. Baadaye ikaja leza, ambayo huyeyusha punje moja moja. Badala ya wastani wa punje mia, fundi sasa ana majibu mia, na ile ya miaka milioni 600 inajitokeza peke yake na kuondolewa. Majivu ya Oldupai yamepimwa tena kwa njia hii, na umri wa Zinjanthropus umesogea hadi miaka milioni 1.8 na ushei. Nambari ya 1961 imesahihishwa kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake, miongo mingi baadaye, kwa vifaa ambavyo Evernden na Curtis hawakuwa navyo. Sijui sifa kubwa zaidi ambayo fundi anaweza kupewa.

Mafundi hawa wana desturi moja ambayo ningependa ivuke kuta za maabara. Hawatoi nambari bila kuandika pembeni yake inaweza kukosea kwa kiasi gani. Ile 0.02 ya McDougall ni matokeo ya kazi yenyewe: imejumlisha utupu uliopimwa, hewa iliyotolewa, potasiamu iliyohesabiwa, na mtawanyiko wa majibu ya punje. Anayeiandika anamwambia msomaji mahali pa kumshika. Ndiyo maana Koobi Fora walishindana karibu miaka kumi na bado wakafika mwisho mmoja; kila upande uliweka hesabu zake wazi, na hesabu zilizo wazi zinaweza kurudiwa.

Vijana wetu hufundishwa nusumaisha katika fizikia ya sekondari. Wanapewa kiasi cha mwanzo, kiasi kilichobaki, na kutakiwa watafute muda. Hesabu hiyo ni sahihi na ni nzuri, na mwanafunzi makini huimaliza kwa mistari minne. Ningefurahi mwalimu akiongeza swali moja baada ya mstari wa mwisho: umejuaje kwamba kiasi ulichopewa ni safi? Swali hilo ndilo lililowafanya watu wakae saa nyingi na hadubini na kibano. Limezipa Tanzania na Kenya tarehe ambazo dunia nzima inazitegemea kuhesabu asili yake, na kijana atakayejizoeza kuliuliza mapema anaweza kuwa ndiye atakayechambua majivu yajayo.